San Juan ya Puerto Rico kwa macho ya mtu aliyekulia ubavuni mwa Ngome ya Yesu

Mwana wa Kibokoni (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam aleikum na habari za siku nyingi.

Mwezi Machi nilipata likizo ya siku nane nikaitumia Puerto Rico, na kwa kuwa kila niliyemweleza ameniuliza habari za fukwe tu, nimeona niandike yale ambayo sikuulizwa. Mimi ni mtoto wa Kibokoni, Mombasa, ambako kutoka mlangoni kwetu hadi Ngome ya Yesu ni mwendo wa kumaliza kashata moja, na huu ni mwaka wa kumi na moja tangu niwe muuguzi New Jersey. Ninalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nikione kisiwa kile kwa namna ambayo vitabu vya watalii havikunitayarisha.

Mwaka 1580 Mfalme Filipo wa Pili wa Hispania aliutwaa na ufalme wa Ureno, na kwa miaka 60 iliyofuata mataji hayo mawili yalikaa juu ya kichwa kimoja. Ni katika kipindi hicho, mwaka 1593, ndipo Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati. Miaka michache tu kabla ya hapo, mfalme yuleyule alikuwa amemtuma Mwitaliano mwingine, Battista Antonelli, pamoja na afisa wake Juan de Tejada, kwenda kuimarisha bandari za Karibiani, San Juan ikiwa mojawapo. Huko kulikuwa tayari na boma lililoanzishwa mwaka 1539 kwenye rasi ya kuingilia bandari, na Antonelli ndiye aliyelichorea umbo linalojulikana leo kwa jina la El Morro. Basi mimi niliyecheza mpira chini ya ukuta wa mfalme huyo Mombasa nilisafiri nusu ya dunia nikaukuta ukuta wake mwingine.

Zinafanana, lakini si pacha. Ngome yetu imechongwa katika mwamba wa matumbawe, ni ya chini, na imelala kama mtu aliyenyoosha mikono na miguu. El Morro imepanda ngazi juu ya ngazi, sakafu sita, hadi takriban mita 40 juu ya mawimbi, na kuta zake za mawe ya mchanga na chokaa zina unene unaofikia mita 5 upande wa baharini. Kwenye kila pembe kuna kibanda cha mlinzi chenye paa la mviringo, ambacho wenyewe wanakiita *garita*, na wamekipenda kiasi kwamba utakikuta kimechapishwa hata kwenye fulana za watoto. Mbele ya lango kuna uwanja mpana wa majani, ulioachwa wazi ili adui asipate pa kujificha, na siku ya Jumapili uwanja huo hujaa familia zinazorusha tiara. Nilikaa hapo saa nzima kabla hata ya kuingia ndani.

Tiketi ni dola 10 kwa mtu mzima, nayo inakuingiza El Morro na pia San Cristóbal, ngome ya pili iliyo upande wa nchi kavu. Nawashauri msiiache hii ya pili, kwa sababu ndiyo inayoeleza kosa la ile ya kwanza. Mwaka 1595 Francis Drake alikuja kwa njia ya bahari, mizinga ikamrudisha. Mwaka 1598 Mwingereza mwingine, George Clifford, aliyekuwa mtemi wa Cumberland, alishusha askari wake mashariki mwa mji, akaja kwa mgongoni ambako hakukuwa na ulinzi wa maana, na El Morro ikasalimu amri. Kilichomwondoa ni tumbo la kuhara lililowamaliza askari wake. Mwaka 1625 Waholanzi nao wakautia mji moto ingawa ngome hawakuipata. Ndipo Wahispania walipoanza, kuanzia mwaka 1634, kujenga San Cristóbal, kazi iliyokuja kukamilika karibu karne moja na nusu baadaye, na fedha nyingi za kazi hizo zilitoka katika hazina ya Mexico. Nilipokuwa nikisoma haya ukutani nilimkumbuka Sultani Yusuf bin Hasan, aliyeitwaa Ngome ya Yesu mwaka 1631 akiwa ndani yake, bila kurusha jiwe kutoka nje.

Sasa kuna jambo moja nililoliona chini ya San Cristóbal ambalo sijaliacha tangu nirudi. Unashuka katika njia ya chini kwa chini, hewa inakuwa nzito na yenye unyevu, kisha unafika kwenye chumba cha wafungwa ambacho taa yake ni hafifu. Juu ya lipu, nyuma ya kizuizi, kuna merikebu zilizochorwa kwa mkono: matanga, kamba, milingoti, hadi bendera ndogo za nyuma. Hakuna aliyechora vile asiyewahi kufanya kazi melini, maana kila kamba inafika inapotakiwa kufika. Waliozuru Ngome ya Yesu wanajua ninachotaka kusema. Na sisi tunacho kipande cha ukuta kilichochorwa na mabaharia wa Kireno, merikebu na watu na samaki, na nimekipita mara mia nikiwa mwanafunzi bila kukitazama. Ilibidi niende Karibiani ili nikione cha kwetu.

Nitaendelea na sehemu ya pili, iliyo nje ya kuta, nikipata nafasi. Kwa sasa ulizeni.

Mzee wa Chumbageni

Ndugu yangu, ahsante sana kwa uzi wenye uzito. Mimi ni mstaafu wa bandari ya Tanga na mwanangu anaishi Marekani, kwa hiyo swali langu ni la vitendo. Je, mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza gani, na kule wanatumia fedha gani?

Mwana wa Kibokoni

Shikamoo mzee wangu. Puerto Rico iko chini ya Marekani, kwa hiyo viza ni ileile ya Marekani na fedha ni dola. Ukiwa tayari umeingia Marekani, ndege ya kwenda San Juan ni ya ndani, hakuna kupanga foleni ya uhamiaji. Jambo la kuzingatia ni wakati wa kurudi: mizigo yote hupitishwa kwanza kwenye mashine ya ukaguzi wa kilimo, na baadhi ya matunda huzuiwa, kwa hiyo usinunue matunda ya zawadi kabla ya kuuliza.

Epuka msimu wa vimbunga, unaoanza Juni hadi mwisho wa Novemba, na uhesabu kwamba umeme unaweza kukatika hata siku ya jua kali. Kimbunga Maria cha Septemba 2017 kiliangusha gridi nzima, na kuna vijiji vya milimani vilivyorudishiwa umeme baada ya karibu mwaka. Nilikofikia tulikaa usiku mmoja bila umeme, na mama mwenye nyumba alileta taa ya betri kabla sijaomba, kwa utulivu ambao mtu wa Tanga au Mombasa anaufahamu.

Ukikodi gari utacheka: vibao vya umbali viko kwa kilomita, vya mwendo viko kwa maili, na petroli inauzwa kwa lita. Soma pia masharti ya ada za barabara za kulipia, kwa sababu kampuni niliyokodi kwayo ilinitoza kwa siku ambazo gari lilikuwa limeegeshwa, na kurudishiwa fedha kulinichukua wiki tatu za barua pepe.

Mtumishi wa Historia

Mwanzisha uzi, nimesoma kwa makini na nina pingamizi moja. Unaandika kana kwamba ukoloni wa kule ni habari ya Wahispania na mawe yao. Nijuavyo mimi, Mhispania aliondoka mwaka 1898 na hakuna aliyekabidhiwa uhuru. Sioni ni kwa nini tuite historia kitu ambacho bado kinaendelea.

Mwana wa Kibokoni

Pingamizi lako nalipokea, na wenyeji wengi niliozungumza nao wangelitia saini. Juu ya El Morro zinapepea bendera tatu: ya Marekani, ya Puerto Rico, na ile nyeupe yenye msalaba mwekundu wa matawi yaliyokatwa, ambayo ni ya majeshi ya zamani ya Hispania. Ukizitazama pamoja unaisoma hoja yako.

Majeshi ya Marekani yalishuka Guánica tarehe 25 Julai 1898, na kwa Mkataba wa Paris wa Desemba mwaka huohuo kisiwa kikabadilishwa mkono bila wenyewe kuulizwa. Mwaka 1917 walipewa uraia wa Marekani. Mwaka 1952 walipata katiba yao ya ndani, nayo ikatangazwa tarehe 25 Julai, siku ileile ya wanajeshi kushuka. Kila mtu na aamue kama huo ulikuwa msamaha au kejeli. Hadi leo anayeishi kisiwani hampigii kura rais wa Marekani, na mwakilishi wao katika Bunge la Washington huzungumza lakini hana kura ya mwisho. Chini ya ngome, kando ya bahari, kuna makaburi yaliyojengewa marumaru nyeupe, na humo amezikwa Pedro Albizu Campos, aliyepigania uhuru, akafungwa miaka mingi, akafariki mwaka 1965. Nilikuta maua mapya juu yake.

Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba mawe hayana la kusema juu ya leo. Upande wa kaskazini, nje ya ukuta, palipo na machinjio ya zamani, ndipo walipotakiwa kukaa watumwa na watumishi wasio na makao, kwa kuwa sheria haikuwataka ndani. Mtaa huo, La Perla, upo hadi sasa, nyumba za rangi zimebanana kati ya ukuta na maji, na mwenyeji wa hoteli bado anamwambia mgeni asishuke huko. Mwongozo huo ni wa tangu zamani. Mji wenyewe ndani ya ukuta ni mzuri kupita kiasi, mitaa yake imetandikwa matofali ya rangi ya samawati yaliyotengenezwa kwa mavi ya chuma ya tanuri, na mvua ikinyesha yanang'aa kama ngozi ya samaki. Lakini ukitembea juu ya ukuta ukatazama kushoto na kulia, unaona nani alijengewa na nani alizuiwa.

Binti Makadara

Kaka, hongera. Mimi nina swali ambalo wanaume hamuulizi. Ulikula nini? Nasikia kule nguruwe yumo katika kila chungu.

Mwana wa Kibokoni

Dada yangu, umesikia kweli, na mimi nilijifunza kwa taabu. Chakula chao maarufu ni mofongo, nacho ukikisikia kinavyopikwa utadhani uko nyumbani: ndizi mbichi hukatwa, hukaangwa, halafu hupondwa katika kinu cha mti kwa mchi, pamoja na kitunguu saumu na mafuta. Mlio wa kinu unatoka jikoni hadi mezani. Tatizo ni kwamba hupondwa pamoja na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, usipotahadharisha mapema. Niliagiza cha kamba, nikasema waziwazi kwamba sitaki nguruwe, na mpishi akatoka mwenyewe kuniuliza kama mafuta ya kukaangia nayo yanahusika. Nikamwambia yanahusika. Akanipikia kwa mafuta ya mahindi.

Kilichoniuma ni mbaazi. Wali wao wa sherehe hupikwa pamoja na mbaazi, mbaazi zilezile tunazozitia tui tukala na mahamri asubuhi, lakini mara nyingi chungu hicho nacho hutiwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo niliunusa tu nikapita. Siku ya nne nilipata mwanamke anayeuza wali mtamu wa tui la nazi, mdalasini na karafuu, uliogandishwa sahanini. Nilinunua sahani mbili na sikumgawia mtu. Misikiti ipo, mmoja uko Río Piedras, na huko ndiko nilikoelekezwa mahali pa kupata nyama halali.

Mjukuu wa Mmakua

Naomba kuuliza nje kidogo ya chakula. Waafrika waliopelekwa kule, je, walikuwemo na watu wa pwani yetu?

Mwana wa Kibokoni

Wengi walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo. Kwa upande wa watu wetu, ninachoweza kukuambia kwa uhakika kinahusu kisiwa jirani cha Kuba, ambako katika karne ya 19 meli za watumwa zilileta watu kutoka Msumbiji, na miongoni mwa mataifa ya Waafrika waliotambuliwa huko limo linaloitwa *Macuá*. Jina lako unaliona hapo.

Puerto Rico ina jambo jingine la pekee. Mwaka 1664 taji la Hispania liliamua kwamba mtumwa atakayewatoroka mabwana wa mataifa mengine ya Ulaya katika visiwa vya jirani, akafika Puerto Rico na kukubali Ukatoliki, atakuwa huru. Haikuwa huruma, ilikuwa njia ya kumdhoofisha jirani na kupata askari. Waliofika walipewa ardhi mashariki mwa mji, mahali palipoitwa Cangrejos, yaani kaa, ambapo leo ni mtaa wa Santurce, na wanaume wao walikuwa miongoni mwa waliowarudisha nyuma Waingereza mwaka 1797. Wakati huohuo watumwa wa Mhispania mwenyewe waliendelea kuwa watumwa hadi tarehe 22 Machi 1873, na hata baada ya hapo walilazimishwa kuwatumikia waajiri kwa mkataba wa miaka mitatu.

Mwana wa Kibokoni (sehemu ya pili)

Sasa niwatoe nje ya mji kama nilivyoahidi. Barabara namba 187 inapita Piñones, mikoko kulia na bahari kushoto, na kila hatua chache pana kibanda cha makuti au mabati kinachokaanga vitu ndani ya mafuta. Nilisimama kunywa dafu. Muuzaji alilitoa ndani ya sanduku la barafu, likiwa baridi la kuumiza meno, jambo ambalo kwetu lingezua mjadala, kisha akalikata kichwa kwa mapigo matatu ya panga, sawasawa na akatavyo mtu wa Likoni.

Mnazi huo, ndugu zangu, si mti wa kule. Columbus alipofika mwaka 1493 hakuukuta. Wareno waliuchukua katika Bahari ya Hindi, wakaupanda Cape Verde, na kutoka huko ukavushwa hadi Karibiani katika karne ya 16. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba minazi ya upande wa Atlantiki ina nasaba ya Bahari ya Hindi. Muhogo nao ulisafiri kinyume: Wataino, wenyeji wa kwanza wa kisiwa, waliokiita Borikén, waliula kama mkate wao wa kila siku, nasi tukaja kuupata kwa mikono ya Wareno haohao.

Ukivuka mto unafika Loíza, mji ambao wakazi wake wengi ni weusi na ambao hauna ngome. Jumapili jioni nilitazama *bomba*, ngoma yao inayopigwa kwa mapipa yaliyowambwa ngozi. Kwetu mara nyingi mpigaji ndiye anayemwongoza mchezaji. Huko mchezaji anasogea mbele ya ngoma, anaisalimu, halafu kila atakachofanya, akipindua sketi, akitikisa bega, akisimama ghafla, mpigaji wa ngoma ndogo lazima akijibu papo hapo. Mama mmoja wa makamo alimchezea kijana mpigaji hadi kijana akacheka akakosa pigo, na watu wote wakashangilia.

Siku iliyofuata niliingia katika karakana ya mtengeneza barakoa. Kila mwaka, karibu na tarehe 25 Julai, mji huu humsherehekea Mtakatifu Santiago, na katika maandamano wapo *vejigantes*, watu waliovaa nguo pana za rangi kali na barakoa zenye pembe nyingi. Fundi, mzee mwenye mikono iliyokauka rangi nyekundu kucha zote, alikuwa amelibana kumbi zima la nazi kati ya magoti. Alilikata upande mmoja, akakomba ndani kwa kisu kilichopinda, kisha akatoboa macho na mdomo, na ule ukingo ulioinuka wa kumbi ukawa paji la uso na pua bila yeye kulazimisha. Pembe anazichongea kando, halafu anazichomeka.

Nikamuuliza barakoa ni ya nani. Akajibu, bila uzito wowote, kwamba *vejigante* ndiye Mmoro, Mwislamu, adui wa mtakatifu. Santiago wa Wahispania ni yule anayechorwa juu ya farasi akiwakanyaga Waislamu, na mchezo wa Loíza unatokana na vita hivyo vya Hispania.

Nilinyamaza. *Mouros*, ndivyo Wareno walivyotuandika katika barua zao walipofika Malindi, Mombasa na Kilwa, na ngome ilijengwa ili kutuweka chini. Nikamwambia fundi kwamba mimi ni Mwislamu. Alinitazama, akatazama barakoa, akacheka kwa sauti, akaniambia kwamba Loíza kila mtoto anataka kuwa *vejigante* na wa kumtaka awe askari wa Kihispania hutafutwa kwa tochi. Nikainunua.

Fundi Usumba wa Paje

Hapo kwenye makumbi umenigusa, kwa kuwa mama yangu ameishi kwa kazi hiyo. Sisi tunayafukia ufukweni miezi kadhaa yaoze ndipo tuyaponde tupate usumba. Wao wanayaloweka?

Mwana wa Kibokoni

Hawayaloweki. Fundi aliniambia anayaacha yakauke kivulini, kwa sababu anataka kumbi libaki gumu na nyuzi zishikane. Nilimweleza habari za kufukia mchangani akashangaa, akaniuliza harufu mnaivumiliaje.

Uwanja wa ndege mkaguzi wa kilimo aliisimamisha barakoa, akaigeuza, akachungulia ndani kama mna unyevu au mdudu, akaona imekauka na imepakwa rangi, akaipitisha. Sasa imetundikwa sebuleni kwangu. Mama yangu alipoiona kwenye simu ya video alianza kwa kusema niitoe ndani ya nyumba. Halafu akaniambia niisogeze karibu na kamera, akaitazama, akauliza kumbi kubwa namna ile wamelipata wapi.